UCHAMBUZI: Lugha kongwe za kompyuta zingali zahesabu pesa za Mtwapa

KILA mwisho wa mwezi, foleni hurefuka mbele ya mashine za kutolea pesa zilizo kando ya barabara kuu ya kutoka Mombasa kuelekea Malindi, mjini Mtwapa. Humo huwemo mwalimu, afisa wa kaunti, mhudumu wa hoteli na mstaafu kutoka Ulaya aliyeamua kuumalizia uzee wake karibu na bahari.

Mstaafu huyo hutia kadi, akabonyeza nambari ya siri na baada ya sekunde chache akahesabu noti zake. Kisha pesa hizo huanza safari ya pili. Huenda kwa mwenye nyumba, kwa mfanyakazi wa nyumbani, kwa mwendeshaji wa tuktuk, kwa muuza samaki na hatimaye kwa karo ya mtoto wa mlinzi wa lango.

Ni wachache wanaojiuliza pesa hizo zilihesabiwa na nani. Aghalabu huwa zimehesabiwa na kompyuta zilizo maelfu ya kilomita kutoka Kaunti ya Kilifi, zikifuata maagizo yaliyoandikwa kabla ya wengi wa wakazi wa Mtwapa kuzaliwa. Lugha iliyotumiwa kuandika sehemu kubwa ya maagizo hayo, Cobol, ilianza kubuniwa mwaka wa 1959, miaka minne kabla ya Kenya kujinyakulia uhuru.

Suala hili lisiachiwe wataalamu wa kompyuta pekee. Mji unaotegemea watalii, wastaafu wa kigeni, mishahara ya serikali na pesa zinazotumwa na jamaa walio ng'ambo una kila sababu ya kutaka kujua hali ya mitambo hiyo. Mtambo ukikwama kule, chungu hakipandi mekoni huku.

Isitoshe, yanayozikumba nchi tajiri leo kwa sababu ya programu zao za zamani ndiyo yatakayoikumba Kenya kesho. Tofauti ni kwamba Kenya ingali na nafasi ya kujiandaa.

Lugha ya makarani

Katika miaka ya 1950, kila kampuni iliyounda kompyuta ilikuwa na namna yake ya kuiagiza. Benki au idara ya serikali iliyobadilisha mtambo ililazimika kuandika upya programu zake zote. Gharama hiyo ilikuwa ikiwaumiza wateja wakubwa, na hakuna aliyeumia zaidi kuliko jeshi la Marekani.

Mnamo Mei 1959, wawakilishi wa serikali, kampuni za kuunda kompyuta na wateja wao walikutana katika makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, Pentagon, wakaafikiana kubuni lugha moja ya shughuli za kibiashara ambayo ingefanya kazi katika mtambo wowote. Wazo la kuitisha juhudi hizo lilikuwa limetolewa na Mary Hawes, mtaalamu wa programu katika kampuni ya Burroughs.

Msingi mkuu wa lugha hiyo ulitoka kwa kazi ya mwanamke mwingine, Grace Hopper, ambaye alikuwa amekwisha kubuni lugha iitwayo Flow-Matic. Hopper alishikilia kwamba watu wa biashara hawapaswi kulazimishwa kuandika kwa alama za wanahisabati. Maagizo yafaa yaandikwe kwa maneno ya kawaida: ongeza, toa, zidisha, hamisha, andika.

Mwezi Desemba 1960, programu moja ya Cobol ilifanya kazi katika kompyuta za kampuni mbili hasimu, RCA na Remington Rand, bila kuhitaji marekebisho makubwa. Lengo lilikuwa limetimia. Kutoka hapo Cobol ikaenea katika benki, kampuni za bima, mashirika ya ndege na idara za serikali kote duniani.

Ubora wake mkubwa ulikuwa katika hesabu za pesa. Kompyuta kwa kawaida huhesabu kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na katika hesabu ya namna hiyo sehemu moja ya kumi haiwezi kuandikwa kikamilifu, kama vile theluthi moja isivyoweza kuandikwa kikamilifu kwa desimali. Kwa mwanasayansi, hitilafu ndogo kama hiyo haina uzito. Kwa benki inayokokotoa riba ya akaunti milioni moja kila usiku, senti zinazopotea hugeuka kuwa kesi mahakamani.

Cobol huhesabu kwa makumi, jinsi karani anavyofanya katika daftari lake, na mwandishi wa programu hutaja tangu mwanzo ni tarakimu ngapi zitakuwa za shilingi na ngapi za senti. Hesabu iliyo sahihi hubaki sahihi. Hiyo ni sababu moja iliyoifanya lugha hiyo isizeeke upesi kama mitambo iliyoibeba.

Ukubwa wa deni

Shirika la habari la Reuters lilichapisha mnamo 2017 takwimu zilizoonyesha kuwa mistari bilioni 220 ya Cobol ilikuwa ingali ikitumika duniani, kwamba asilimia 43 ya mifumo ya benki ilijengwa juu yake na kwamba asilimia 95 ya shughuli za kadi katika mashine za kutolea pesa ziliitegemea. Uchunguzi uliofadhiliwa na kampuni ya Micro Focus mwaka wa 2022 ulipandisha idadi ya mistari hadi zaidi ya bilioni 775.

Takwimu hizi ni makadirio, na baadhi hutolewa na kampuni zinazouza huduma za Cobol. Hakuna aliyezunguka dunia nzima akihesabu mstari mmoja mmoja. Hata hivyo, ushahidi wa taasisi moja moja unatosha kuthibitisha kuwa jambo lenyewe ni kubwa.

Mamlaka ya malipo ya uzeeni nchini Marekani imetajwa na wakaguzi wake kuwa na zaidi ya mistari milioni 60 ya Cobol. Afisi ya ukaguzi wa matumizi ya serikali ya nchi hiyo iliripoti mwezi Mei 2016 kwamba zaidi ya asilimia 75 ya takriban dola bilioni 80 zilizotumiwa na serikali kuu kwa teknolojia katika mwaka mmoja ziliishia kwa kutunza mitambo iliyopo, mingine ikiwa na umri wa zaidi ya miaka 50.

Mstaafu anapochomeka kadi ya benki ya kwao katika mashine ya Mtwapa, ujumbe hutoka kwenye mashine hadi benki ya hapa nchini, ukapita katika mtandao wa kampuni ya kadi, ukafika benki yake ng'ambo, ambako akaunti hukaguliwa na jibu kurudishwa. Mashine anayoiona inaweza kuwa mpya kabisa. Daftari linaloulizwa iwapo ana pesa ndilo la zamani.

Sheria zilizofukiwa

Je, uzee huo una madhara? Jibu linapatikana Uingereza, nchi ambayo baadhi ya wastaafu wake wamefanya pwani ya Kenya kuwa makao.

Mnamo Septemba 2021, Afisi ya Kitaifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilifichua kwamba wastaafu wapatao 134,000, wengi wao wanawake, walikuwa wamelipwa pensheni pungufu. Deni lao lilikadiriwa kufikia pauni bilioni 1.04, na baadhi ya makosa yalianzia mwaka wa 1985.

Waliopunjwa walikuwa hasa wajane, wanawake walioolewa ambao pensheni yao ilitegemea michango ya waume zao, na wazee waliotimiza umri wa miaka 80. Hawa ndio ambao malipo yao yalitakiwa kubadilishwa jambo fulani lilipotokea maishani: mume kustaafu, mume kufariki, au siku ya kuzaliwa kufika.

Wakaguzi walieleza kuwa makosa hayo yalitokana na sheria tatanishi, kutegemea mifumo kadhaa ya kompyuta na kazi nyingi iliyohitaji karani kuingilia kati kwa mkono. Kwa maneno mengine, kompyuta zilifanya ziliyoagizwa. Kasoro ilikuwa mahali ambapo agizo halikuandikwa, na karani aliyetakiwa kukumbuka hakukumbuka.

Mtwapa inaweza kuelewa hali hii kwa mfano wa karibu. Chini ya sheria za Uingereza, mstaafu anayeishi Uhispania huongezewa pensheni ya serikali kila mwaka kulingana na gharama ya maisha. Mstaafu mwenzake aliyechanga sawasawa naye lakini akahamia Kenya hapati nyongeza hiyo. Kiasi alichoanza nacho akiwa huku ndicho anachoendelea kulipwa.

Huo ni uamuzi wa wanasiasa, lakini ili utekelezwe ni sharti ugeuzwe kuwa agizo ndani ya programu: tazama nchi anayoishi mtu huyu, kisha ongeza au usiongeze. Kila sheria inayopitishwa na bunge huongeza maagizo ya aina hiyo juu ya yaliyotangulia. Baada ya miaka 40, programu huwa imekuwa jalada la kila uamuzi ambao serikali iliwahi kufanya, na mara nyingine ndilo jalada pekee lililo kamili.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Lugha yenyewe ya Cobol si ngumu kujifunza. Kinachopotea mtaalamu anapostaafu ni sababu ya kila agizo: kwa nini mwaka fulani umetengwa na mingine, kwa nini kundi fulani la wajane huhesabiwa kivyake, nani aliamuru na kwa sheria gani.

Kisa cha New Jersey

Ulimwengu ulilitambua tatizo hilo mapema mwaka wa 2020. Janga la corona lilipofunga biashara nchini Marekani, mamilioni ya watu waliomba malipo ya wasio na kazi kwa wakati mmoja. Mnamo Aprili 4, gavana wa New Jersey, Phil Murphy, alijitokeza hadharani kuomba wataalamu wa kujitolea wanaoijua Cobol, akisema jimbo lake lina mitambo ya zaidi ya miaka 40.

Mwito huo ulizua kejeli na pia huruma. Wazee waliokuwa wamestaafu walijitolea. Kampuni ya IBM na washirika wake walitangaza mafunzo ya bure ya lugha hiyo mwezi huo huo.

Lakini mwanahistoria wa teknolojia Mar Hicks alieleza baadaye mwaka huo kwamba lawama zilielekezwa pasipofaa. Kilicholemewa New Jersey, kwa maelezo yake, kilikuwa tovuti ya kupokelea maombi, iliyoandikwa kwa lugha changa zaidi ya Java. Programu kongwe za Cobol zilizokuwa nyuma yake ziliendelea kukokotoa malipo.

Kwa mujibu wa Hicks, serikali zilikuwa zimepunguza wataalamu wa kutunza mitambo hiyo ili kubana matumizi, kisha zikailaumu lugha mambo yalipoharibika. Nyumba isiyokarabatiwa huvuja, na fundi aliyeijenga hawezi kulaumiwa kwa hilo.

Kubadilisha si rahisi

Wapo wanaosema dawa ni moja tu: kung'oa mitambo ya zamani na kuweka mipya. Waliojaribu wanazo hadithi mbili.

Benki ya Commonwealth ya Australia ilifaulu. Ilianza kazi hiyo mwaka wa 2008 na ikaikamilisha baada ya takriban miaka mitano, kwa gharama inayokadiriwa kuwa dola milioni 750 za Marekani. Benki iliyo na fedha, subira na wasimamizi wasioyumba inaweza.

Benki ya TSB ya Uingereza iliona cha mtema kuni. Mnamo Aprili 2018, katika muda wa wikendi moja, ilihamisha rekodi za wateja wake zaidi ya milioni tano kutoka mitambo ya Lloyds, iliyokuwa mmiliki wake wa zamani, hadi mfumo mpya. Wateja wapatao milioni 1.9 wakajikuta hawawezi kuingia katika akaunti zao. Baadhi waliona akaunti za watu wengine. Hali haikurejea ya kawaida hadi Desemba mwaka huo.

Mnamo Desemba 2022, mamlaka za fedha za Uingereza ziliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65. Rekodi zenyewe zilihama salama, lakini mfumo uliozipokea haukuwa umejaribiwa vya kutosha kabla ya wateja kufunguliwa mlango.

Tangu mwaka wa 2023, kampuni kadhaa, IBM ikiwemo, zimekuwa zikiuza programu za akili bandia zinazoweza kusoma Cobol na kuigeuza kuwa Java. Msaada huo ni wa kweli, kwani mashine inaweza kusoma katika siku moja kile ambacho binadamu angekisoma kwa miezi. Hata hivyo, inaweza kueleza tu kile ambacho agizo linafanya. Iwapo agizo hilo lilikuwa sahihi kisheria, au ni kosa lililodumu tangu 1985, ni binadamu mwenye sheria mkononi anayeweza kuamua.

Kenya nayo

Msomaji anaweza kudhani kuwa mambo haya ni ya Ulaya na Marekani, na kwamba Kenya, iliyouonyesha ulimwengu jinsi ya kutuma pesa kwa simu, iliruka hatua hiyo. Dhana hiyo ina ukweli nusu.

Ni kweli kwamba benki nyingi za Kenya ziliacha mitambo yao ya awali na kununua programu za kisasa kutoka ng'ambo. Lakini programu hizo zina nasaba zake. T24 ya kampuni ya Temenos, ambayo benki kadhaa nchini zimeitumia, KCB ikiwa miongoni mwazo, ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya tawi la lugha ya Basic, iliyobuniwa katika chuo cha Dartmouth mwaka wa 1964.

Nayo lugha ya SQL, inayotumiwa kuuliza maswali katika karibu kila hifadhi ya data ya benki, hospitali na serikali, ilibuniwa na watafiti wa IBM mwaka wa 1974. Kijana anayejivunia kuunda programu mpya ya simu Mtwapa leo, kwa uwezekano mkubwa, anaitumia lugha iliyo na umri wa babake au zaidi.

Kwa wafanyabiashara wadogo, ukongwe una sura nyingine. Katika miaka ya 1980 na 1990, hoteli, maduka ya jumla na vyama vya ushirika nchini viliandikiwa programu za hesabu kwa dBase, Clipper na FoxPro, mara nyingi na kijana mmoja aliyetoka chuoni. Kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada kwa toleo la mwisho la FoxPro mnamo Januari 2015. Palipo na programu kama hiyo ingali ikifanya kazi, mwenyewe hutegemea kompyuta isiharibike na kijana yule, ambaye sasa ni mtu mzima, apokee simu.

Upande wa serikali, mishahara ya watumishi wa umma ilishughulikiwa kwa miaka mingi na mfumo uitwao IPPD, ambao kaunti zilirithi baada ya ugatuzi kuanza mwaka wa 2013. Ofisi ya Msimamizi wa Bajeti imelalamika mara kwa mara katika ripoti zake kwamba kaunti nyingi huwalipa baadhi ya wafanyakazi nje ya mfumo huo, kwa orodha zinazoandaliwa kwa mkono. Orodha ya mkono ndiyo makao ya wafanyakazi hewa. Serikali kuu imekuwa ikihamisha wizara na kaunti hadi mfumo mpya wa pamoja wa rasilimali watu.

Uhamisho huo ukifanywa vyema, mwalimu na muuguzi wa Kilifi hawatautambua. Ukifanywa vibaya, wao ndio watakaokuwa wa kwanza kujua, mbele ya mashine ya pesa mwisho wa mwezi.

Wakenya walishaonja matokeo ya uhamisho wa ghafla. Mnamo Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, iliyokuwapo tangu 1966. Wiki za kwanza zilijaa ripoti za wagonjwa waliokwama hospitalini kwa sababu mfumo haukuwatambua au haukupatikana.

Kilichofuata kilikuwa kizito zaidi. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, iliyotolewa mwaka wa 2025 ilisema kuwa mfumo wa teknolojia wa mamlaka hiyo, wenye thamani ya Sh104.8 bilioni, haumilikiwi na serikali, na kwamba haki za ubunifu wake ziko mikononi mwa wanakandarasi.

Linganisha na Cobol. Programu za malipo ya uzeeni za Marekani ni kongwe, nzito na za kuchosha, lakini ni mali ya umma. Mtaalamu anaweza kuajiriwa leo, akafungua jalada na kuanza kusoma. Programu mpya isiyo ya serikali haisomeki na serikali hata siku ya kwanza.

Kwa hivyo swali la umri wa lugha huficha swali kubwa zaidi: nani anaweza kuyasoma maagizo yanayoamua nani atalipwa, na nani ana haki ya kuyarekebisha?

Funzo la magofu

Hatua chache kutoka mji wa Mtwapa, ufuoni, yapo magofu ya Jumba la Mtwana. Mji huo wa Waswahili ulistawi katika karne ya 14 kisha ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Kuta za misikiti minne, makaburi na nyumba za mawe bado zimesimama, na mgeni anaweza kuona kisima, birika la kutawadhia na mlango wa kila chumba.

Jina lenyewe humaanisha jumba kubwa la mtumwa. Lakini waliojua ni mtumwa gani, na kwa nini wakazi waliondoka, hawakuacha maandishi. Wataalamu wa mambo ya kale wamebaki kukisia kutokana na vigae vya vyungu.

Programu isiyo na maelezo yaliyoandikwa iko katika hali hiyo hiyo. Kuta zinaonekana, na hata nyumba inakalika, lakini hakuna wa kueleza kwa nini mlango uliwekwa pale. Atakayebomoa ukuta bila kujua atakuja kugundua kwamba ndio uliobeba paa.

Ufumbuzi haumo katika kuabudu vya kale wala katika kuvidharau. Kwanza, kila mkataba wa mfumo wa umma, wa kitaifa au wa kaunti, unapaswa kuipa serikali umiliki wa programu na nakala kamili ya maagizo yake. Kaunti ya Kilifi, kama kaunti nyingine zote, huhitaji mifumo ya kukusanya ushuru na ada. Suala la nani atabaki na maagizo hayo mkandarasi akiondoka ni la kuulizwa kabla ya wino wa saini kukauka.

Pili, mfumo mpya ufanye kazi sambamba na wa zamani kwa muda, matokeo yakilinganishwa shilingi kwa shilingi, kabla ya ule wa kwanza kuzimwa. Huku ni kugharamika maradufu kwa miezi michache, ila kisa cha TSB kinaonyesha kuwa kuharakisha hugharimu zaidi.

Safaricom ilihamisha seva za M-Pesa kutoka Ujerumani hadi Kenya mnamo Aprili 2015, miaka minane baada ya huduma hiyo kuzinduliwa, na mamilioni ya wateja wakaendelea kutumia nambari zao zile zile. Ni ushahidi kwamba kazi kubwa ya namna hiyo inawezekana hapa nchini.

Tatu, wataalamu wanaostaafu waketishwe na vijana kabla ya kuondoka. Wakenya waliosomea kompyuta katika miaka ya 1980 na 1990 walifunzwa Cobol, Pascal na dBase. Wengi wao sasa wanakaribia kustaafu au wamekwisha kustaafu. Wanajua yasiyoandikwa popote kuhusu jinsi mishahara, bili na mikopo ilivyohesabiwa nchini.

Nne, vyuo vifunze usomaji. Mwanafunzi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, au katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, huandaliwa hasa kuunda kitu kipya. Katika kazi za benki na serikali, kinachohitajika mara nyingi ni mtu anayeweza kufungua programu ya mwenziwe aliyekwisha kuondoka, akaielewa, akarekebisha mstari mmoja na asiharibu mingine elfu moja.

Ujuzi huo una soko pia. Benki na idara za serikali za ng'ambo zimekuwa zikilalamikia upungufu wa watu wa kutunza programu zao kongwe, na tangu kebo ya baharini ya TEAMS ilipofika Mombasa mwaka wa 2009, umbali si kizuizi kama zamani. Haitakuwa busara kuwaahidi vijana wa Mtwapa kwamba Cobol itawatajirisha, kwani kampuni hizo hutaka pia uzoefu. Lakini anayeijua hesabu ya benki kutoka ndani ana thamani katika lugha yoyote.

Grace Hopper alifariki mwaka wa 1992. Lugha aliyosaidia kuizaa ilitoa toleo lake jipya la viwango vya kimataifa mwaka wa 2023. Wengi waliitabiria kifo na wakatangulia wao.

Pensheni ya mwezi ujao itakokotolewa usiku mmoja katika chumba baridi cha mitambo huko ng'ambo, na asubuhi yake foleni itaanza upya kando ya barabara ya Malindi. Wastaafu wa Uingereza waliopunjwa tangu 1985 walingoja zaidi ya miaka 30 ili kosa lao lionekane, ilhali serikali yao ilikuwa na haki ya kulifungua jalada. Kenya inayojenga mifumo yake sasa itahitaji haki hiyo pia, na wakati wa kuidai ni kabla ya kulipa.